Kipepeo wa Sokoke si mdudu wa kudharauliwa

Juma lililopita, baada ya swala ya alasiri, nilikuwa nimekaa barazani na wenzangu hapa Malindi tukinywa kahawa. Mazungumzo yakaanza kwa bei ya samaki, yakapita kwenye mvua, mwisho yakaingia katika msitu wa Arabuko-Sokoke. Mmoja wetu, mtu wa makamo mwenye shamba lake upande wa msituni, akauliza: "Hivi ule msitu wote una faida gani kwetu? Ndovu wanatoka usiku wanakula mahindi ya watu, nyani wanamaliza mihogo, na mtu akikata kijiti kimoja anashikwa. Tukiuliza, tunaambiwa mna vipepeo. Vipepeo! Kwani vipepeo hupikwa?"

Tukacheka sote, nami nikacheka. Lakini nilipokuwa nikirudi nyumbani swali lile lilinifuata njia nzima, nikaona kwamba kicheko changu hakikuwa jibu. Mtu aliyeliwa mahindi yake anapouliza faida ya msitu, anastahili kujibiwa kama mtu mzima. Basi leo nataka kumjibu ndugu yangu huyo mbele ya wasomaji, na nitamjibu kwa kipepeo mmoja tu.

Kila mwenye mlimau au mndimu uani kwake amewahi kumwona jamaa wa kipepeo huyu. Kwanza huonekana kiwavi mdogo juu ya jani, mweusi na mweupe, mfano wa kinyesi cha ndege. Akikua hugeuka rangi ya kijani. Ukimgusa, hutoa kichwani kipembe chekundu chenye panda mbili na harufu kali ya kumfukuza adui. Watoto wetu humchokoza kwa kijiti ili waone pembe ile. Siku chache baadaye hujifunga kwenye tawi akawa pupa, na pupa hii si ile ya mwenye haraka, maana hutulia pale bila mguu wala bawa mpaka siku yake ifike. Akitoka huwa kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano. Wataalamu humwita Papilio demodocus.

Huyo ni wa uani. Ninayemsema mimi ni ndugu yake wa msituni, aitwaye Papilio dardanus. Kiwavi wake naye hula majani ya miti ya ukoo wa ndimu, lakini hasa ile imeayo yenyewe kivulini mwa msitu. Dume lake ni rahisi kulijua: mbawa za manjano iliyopauka, kingo nyeusi, na nyuma mikia miwili kama ya mbayuwayu. Hupita kando ya njia za msitu akienda na kurudi kama askari wa zamu. Ukiona dume moja umeyaona yote.

Ajabu iko kwa jike. Jike halina mikia, wala halifanani na dume hata kidogo, na majike yenyewe hayafanani. Moja utaliona jeusi lenye mabaka makubwa meupe. La pili lina rangi ya machungwa na ncha nyeusi. La tatu ni jeusi lenye vidoa vidogo vyeupe na bawa la nyuma la manjano ya udongo. Ukiwapanga mezani utaapa kwamba ni vipepeo wa kabila tatu, na dume ni la nne. Kumbe ni mama mmoja, na pengine wote wametoka katika mayai ya tawi moja.

Wala usijione mjinga kwa kukosea. Wataalamu wenyewe walikosea miaka mingi, wakawapa majike hayo majina mbalimbali kana kwamba kila moja ni aina yake. Aliyelifumbua fumbo hili ni Roland Trimen, aliyekuwa akifanya kazi Cape Town, katika maandishi yake ya mwaka 1869. Alisema kwamba wote hao ni jamaa moja, na wapo waliombishia. Baadaye watu walifuga viwavi, wakawaona madume na majike ya sura mbalimbali wakitoka katika uzazi mmoja. Ubishi ukaisha.

Sasa, kwa nini jike hujigeuza hivyo? Katika msitu wamo vipepeo wengine walio wachungu. Viwavi wao hula mimea yenye utomvu na sumu, na sumu ile hubaki mwilini hata wakawa vipepeo. Ndege akimla mmoja hutapika, na tangu siku hiyo akiona rangi zile hupita mbali. Vipepeo hao wachungu hawajifichi. Huruka polepole na mavazi yao ya kuonekana, kama mtu ajuaye kwamba hakuna wa kumgusa. Jike la dardanus si chungu. Ni chakula kizuri cha ndege. Lakini limevaa vazi la yule jirani mchungu, na mwendo wa kuruka limeuiga. Ndege huliona, hukumbuka tumbo lake lilivyomsokota, huliacha likaenda kutaga mayai yake.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Kwa binadamu ni kweli tupu, na ushahidi tunauona kila msimu wa harusi. Lakini kwa kipepeo huyu methali imepinduka. Mwanamke huyu huvaa buibui la kuazima, nalo humsitiri barabara.

Tena liko jambo lingine la kuzingatia. Mbona majike yote yasiige vazi moja tu? Mfano wake ni noti bandia. Zikiwa chache sokoni, hupita mkononi bila kushukiwa. Zikizidi, kila mwenye duka huinua noti juu akaitazama dhidi ya mwanga. Ndege naye ni hivyo hivyo. Akiwala waigaji wengi akaona watamu, vazi lile halitamtisha tena. Ndiyo maana majike yamegawana mavazi, hawa wakamwiga jirani huyu, wale wakamwiga yule, ili bandia zisiizidi halali. Na ukienda kisiwa cha Bukini, au ukivuka kwenda Ngazija, utakuta majike ya kipepeo huyu huyu yana mikia na rangi ile ile ya madume, hayakuazima kitu kwa mtu.

Hapo ndipo penye jibu la kwanza kwa ndugu yangu wa barazani. Vazi la kipepeo huyu limeshonwa na msitu mzima. Anahitaji miti ya ukoo wa ndimu ya kulishia watoto wake, na anahitaji kivuli. Anahitaji jirani mchungu wa kumwazima rangi, na jirani huyo naye anahitaji mimea yake ya utomvu. Anahitaji hata ndege, adui yake, maana ndege asiyewahi kuonja uchungu haogopi rangi yoyote. Ukiondoa kimoja, vazi halina maana. Kwa hiyo mtu asemaye tuukate msitu tubakishe vipepeo wachache ndani ya kizimba, hajafahamu anachokisema. Atabaki na nguo mkononi, lakini mji ambao nguo ile ilivaliwa hautakuwapo.

Jibu la pili linahusu uhai wa watoto, nalo nataka wasomaji walisikilize kwa makini.

Katika miaka ya 1950 kulikuwa na daktari wa hospitali huko Liverpool, Uingereza, jina lake Cyril Clarke. Kazi yake ilikuwa kutibu wagonjwa, lakini mapenzi yake yalikuwa vipepeo wenye mikia. Akafuga na kuwazalisha nyumbani, na hata kuwapandisha kwa mkono wake. Akashirikiana na mtaalamu wa viumbe, Philip Sheppard, wakamchukua dardanus wa Afrika wakamzalisha kizazi baada ya kizazi, ili wajue jike hurithi vipi vazi lake. Wakaona kwamba nakshi za bawa hazirithiwi moja moja ovyo ovyo. Huja pamoja kama furushi lililofungwa kamba, ama jike lipate vazi lote la jirani huyu, ama lipate lote la yule.

Clarke, kwa kuwa alikuwa tabibu, akaona mfano wa jambo hilo katika damu ya binadamu. Iko alama katika damu iitwayo Rhesus. Watu wengi wanayo, wachache hawana. Mama asiyekuwa nayo akibeba mimba ya mtoto aliyeirithi kwa baba yake, damu ya mtoto inaweza kuingia katika damu ya mama wakati wa kujifungua. Mwili wa mama huiona ngeni, hutengeneza silaha za kuipiga. Mtoto wa kwanza kwa kawaida husalimika. Lakini akija wa pili au wa tatu mwenye alama ile, silaha zile humfuata tumboni zikaivunja damu yake. Wengi walikuwa wakizaliwa wafu, au wakizaliwa na manjano makali wakafa baada ya siku chache. Ni mama wangapi, huko kwao na huku kwetu, waliosemwa kwamba wana jicho au wamelogwa, na kumbe ni damu tu?

Kutoka kwenye mawazo ya urithi wa vipepeo, Clarke na wenzake wa Liverpool, miongoni mwao Ronald Finn, wakaingia katika utafiti wa Rhesus. Wakati huo huo wengine walikuwa wakifanya kazi hiyo hiyo huko Marekani. Wakapata njia: mama achomwe sindano mara tu baada ya kujifungua, ambayo itaziondoa chembe za damu ya mtoto kabla mwili wa mama haujajifunza kuzichukia. Kufikia mwisho wa miaka ya 1960 sindano hiyo ilikuwa imeanza kutumika Marekani na Uingereza, na mwaka 1980 Clarke na Finn walikuwa miongoni mwa waliopewa tuzo ya Lasker kwa kazi hiyo. Hata hapa petu, mama mwenye damu isiyo na alama ile huambiwa kliniki achomwe sindano hiyo ndani ya siku tatu za kujifungua.

Nisieleweke vibaya. Dawa ile haikukamuliwa katika mwili wa kipepeo, wala sisemi vipepeo wa Liverpool walitoka Sokoke. Ninachosema ni kwamba mtu alimtazama mdudu asiyepikwa wala asiyeuzwa, akamtazama kwa subira, akatoka na fikira iliyookoa watoto wengi wasiohesabika. Laiti angeulizwa siku ya kwanza, "Daktari, hao vipepeo wana faida gani?" asingekuwa na jibu. Faida ilikuwa bado haijazaliwa. Sisi Waislamu hatuna udhuru wa kumdharau kiumbe mdogo, maana tangu chuoni tumesoma sura zenye jina la nyuki, la chungu na la buibui. Mola hakuona haya kuwataja. Iweje sisi tuone haya hata kuwatazama?

Jibu la tatu ni la mfukoni, kwa sababu najua ndugu yangu atasema hayo yote ni maneno ya watu walioshiba. Mwaka 1993, pale Gede, ulianzishwa mradi uitwao Kipepeo chini ya Makumbusho ya Taifa. Wakati huo wakazi wengi wa kando ya msitu walikuwa wakitaka ukatwe wagawiwe mashamba, na si ajabu, maana walichokuwa wakikipata msituni ni hasara. Mradi ukawafundisha wakulima kufuga vipepeo. Mkulima hupata vipepeo wachache wazazi kutoka msituni, akawatia katika kizimba cha wavu chenye miti wanayoipenda, wakataga. Viwavi hulishwa majani mpaka wawe pupa. Pupa hupelekwa Gede, huhesabiwa, mkulima hulipwa. Kisha hufungwa kwa uangalifu katika masanduku, hupandishwa ndege kwenda Ulaya na Marekani, ambako ziko nyumba za vioo za vipepeo, watu wakilipa kiingilio kuwaona wakitoka na kuruka. Lazima wafike kabla hawajafungua mbawa, kwa hiyo kila siku ina thamani yake. Kwa pesa hizo watu wamelipa karo za watoto na kuezeka nyumba. Hivyo, ndugu yangu, kipepeo hapikwi, lakini sufuria amelitia kitu.

Hata hivyo sitaki tuishie kwenye pesa, na hapa natofautiana na baadhi ya marafiki wa msitu. Wao husema, "Waonyesheni watu faida ya fedha, watautunza." Ni kweli nusu. Soko ni kama upepo wa bahari, leo kaskazi, kesho kusi. Mwaka 2016 Tanzania ilipopiga marufuku kusafirisha wanyama hai nje, wafugaji wa vipepeo wa Amani, katika milima ya Usambara, walikatikiwa na riziki hiyo. Mwaka 2020 korona ilipofunga nyumba za vipepeo ng'ambo na kusimamisha ndege, wa kwetu nao walikaa na pupa zao hazina pa kwenda. Ikiwa sababu ya kuutunza msitu ni bei ya pupa peke yake, basi siku bei ikianguka, shoka litaamka. Msitu unataka sababu iliyo nzito kuliko bei.

Sababu hiyo iko pale pale Gede. Ule ulikuwa mji wa Waswahili, mji wa Waislamu, wenye msikiti wa Ijumaa, visima, nyumba za mawe na vyombo vya kaure kutoka Uchina. Watu wake waliuhama, na kufikia karne ya 17 ulikuwa umebaki mahame. Msitu ukaingia. Mizizi ikakumbatia kuta, majani yakafunika mihrabu. James Kirkman alipoanza kuufukua mwaka 1948, alikuta kuta za msikiti bado zimesimama chini ya kivuli. Miji mingapi ya pwani yetu imekwisha bila alama, mawe yake yakiondolewa kujengea nyumba nyingine? Mji ule msitu uliutunza karne kadhaa, bila mshahara wala bawabu. Na hivi leo vipepeo huruka juu ya makaburi na mihrabu ile. Je, msitu uliotutunzia mji wetu, sisi tutashindwa kuutunzia kipepeo wake?

Arabuko-Sokoke uliobaki ni kiasi cha kilomita mraba 420, wenye zaidi ya aina 200 za vipepeo. Hao waukatao si watu wa kando peke yao. Sisi wa mjini ndio tununuao makaa bila kuuliza yametoka wapi. Sisi ndio tutakao mlango wa mbambakofi na kinyago cha muhugu cha kumpa mgeni zawadi. Mti huanguka msituni, lakini shoka limenolewa barazani kwetu.

Basi nina maombi matatu. La kwanza ni kwa wakuu: mkulima aliyeliwa mazao na ndovu alipwe fidia iliyotajwa katika sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013, tena alipwe kwa wakati. Mwenye njaa hawezi kuambiwa avumilie kwa ajili ya urembo wa bawa. La pili ni kwa walimu wa skuli na wa madrasa: siku moja kwa mwaka wapelekeni watoto Gede, wamwone dume na majike yake, wajifunze kisa hiki kwa macho yao. Ni aibu mtoto wa Ulaya amjue kipepeo wetu ndani ya nyumba ya kioo, na mtoto wa Watamu asimjue njiani. La tatu ni kwetu sisi wanunuzi: tuulize. Makaa haya ni ya wapi? Ubao huu ni wa wapi? Muuzaji akijua tunauliza, mkataji naye atajua.

Ama ndugu yangu wa barazani, sikutaka kumwachia gazeti tu. Nimemwambia Jumamosi twende Gede pamoja, nauli nitalipa mimi. Amekubali, kwa sharti kwamba tukirudi nitasikiliza habari za ndovu mpaka mwisho. Sharti hilo ni haki yake, nami nimelipokea.